Kanuni ya Siku Kumi na Nne

Mtu aliyenigeuka hajawahi kukanyaga Mpanda, na mimi sijawahi kumwona zaidi ya sura yake kwenye simu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia nina kinyongo na mwanaume wa Dar es Salaam wanasogeza viti, wanadhani ni mambo ya mapenzi. Siyo mapenzi. Ni mistari kumi na kitu ya programu ya kompyuta, na mwalimu mmoja wa Kasokola niliyemshika mkono nikamwambia twende, mlango uko wazi.

Mimi nina steshenari Misunkumilo. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Nina mdomo, wateja wangu wanajua. Ukiniletea barua ya kuomba kazi imejaa makosa nakuambia palepale, kabla sijagusa kibodi, na ukinuna unune. Kutengeneza programu nilijifunza mwenyewe hapohapo kaunta, kati ya kopi moja na nyingine, kwanza kwa simu, baadaye kwa kompyuta ya kuchapia.

Nilianza na programu ya mvua. Mkulima anaweka kopo la kupimia uani, kila asubuhi anaingiza milimita kwenye simu, na programu inamjumlishia mvua ya msimu. Ni programu huria, yaani mistari yake yote iko wazi mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha, na kuwapelekea wasimamizi rekebisho lake. Wakilikubali, linaingia kwenye programu na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya wachangiaji, dunia nzima ilione. Wasimamizi walikuwa wachache, kila mtu na nchi yake, na mkubwa wao ndiye huyo mwanaume wa Dar.

Mtu yeyote anaweza. Maneno hayo waliyaandika juu kabisa ya ukurasa wa mradi, na jamani, yalinitesa. Nilipofika sikuona pa kuingilia. Maelekezo yaliandikwa na watu waliosahau kwamba iko siku na wao walikuwa hawajui. Rekebisho langu la kwanza lilikaa miezi miwili bila hata salamu. Kazi ndogo ambazo ningeziweza zilikuwa zimeshikwa na watu walioandika "naifanya hii" kisha wakapotea moja kwa moja, na mimi mgeni ningepata wapi ujasiri wa kugusa cha mwenzangu? Mara tatu niliufunga ule ukurasa nikaapa sirudi tena. Nilirudi kwa ubishi tu.

Siku waliponikaribisha kwenye kikao chao, kile cha kuonana kwenye simu, niliwaambia bila kuzunguka kwamba nyie mnasema mtu yeyote, lakini mlango mmeuficha. Wengine walicheka. Yule mkubwa hakucheka. Alisema basi wewe ndiye utuandikie mwongozo wa wageni, maana maumivu unayajua. Nilimpenda kwa neno lile. Nilimwita kaka tangu siku hiyo, na yeye akaniita dada wa Mpanda.

Mwongozo niliuandika masika nzima. Kwetu ni Usevya, na kwetu ukialika watu shambani, mgeni haambiwi tu haya, shika jembe lima popote. Anapimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima, kifupi kidogo kuliko vya wengine, karibu na mwenye shamba. Wenyeji wakimaliza mapema wanakaa chini wanapiga soga, ngwe ya mgeni hawaigusi. Wakimlimia watakuwa wamemtangaza kwamba hawezi, na kesho harudi. Nikalipeleka hilo kwenye mwongozo. Nilisema kila mwezi wasimamizi watenge kazi chache ndogo, waziwekee alama ya kijani, na mzoefu asizitie mkono. Halafu, kwa sababu nilikuwa bado nina uchungu na wale walioshika kazi wakapotea, niliongeza kanuni: kazi iliyoshikwa ikinyamaza siku kumi na nne, bila neno lolote kwenye ukurasa, iwe huru kwa mwingine. Wakaupitisha wote. Chini kabisa kaka aliandika jina langu. Nilichapa ukurasa ule kwa rangi nikaubandika ukutani juu ya mashine ya kopi.

Huyo mwalimu alikuwa mteja wangu. Alikuwa anafundisha hesabu kwa kujitolea kwenye sekondari ya huko kwao, mwaka wa nne anasubiri ajira, na kila mwisho wa muhula alikuja na flashi kuchapa mitihani. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa kwenye makazi ya wakimbizi, na uraia waliupata akiwa tayari anasoma sekondari. Ni mtu wa sauti ya chini. Kuandika programu nilikuwa nimeshaanza kumfundisha hapohapo kaunta. Ananiita dada, na mimi, ingawa nimemzidi miaka mitano tu, nilikuwa namwita mdogo wangu.

Siku moja mashine ilikwama karatasi, akawa anaiangalia simu yangu pale kaunta, programu ya mvua iko wazi. Akaniuliza mbona hii inaanza kuhesabu Januari. Nikamwambia ndivyo mwaka unavyoanza. Akasema mwaka sawa, lakini mvua yetu inaanza mwishoni mwa mwaka huu inamalizika katikati ya mwaka ujao, sasa hii inaukata msimu mmoja vipande viwili, mkulima anapata nusu mara mbili. Mimi mtoto wa mkulima wa mpunga nilikuwa najumlisha vile vipande viwili kwa kalamu kila mwaka, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Na wale walioitengeneza walikuwa wa kule kwenye vuli na masika, misimu yao yote inatosha ndani ya mwaka mmoja, wangejulia wapi?

Nikamwambia hiyo ndiyo ngwe yako. Na ilikuja wakati wake, kwa sababu kulikuwa na nafasi za mafunzo ya programu Dodoma, mwaka mzima, na wanaomaliza wanapelekwa kazini. Sharti mojawapo lilikuwa uonyeshe rekebisho moja lililokubaliwa kwenye programu huria, lenye jina lako, kabla ya mwisho wa Juni. Mwakani angekuwa amevuka umri wanaoutaka. Yaani ilikuwa Juni hiyo au basi tena, na mama yake alishaambiwa. Mama yule kila nikikutana naye alikuwa na swali moja, jina limetoka? Kwenye nyumba ile mambo makubwa yote yamekuja kama majina kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni. Uraia ulikuja hivyo, na mtoto kuchaguliwa sekondari, na chuo.

Sikutaka kubahatisha. Nilimpigia kaka nikamweleza yote: kosa lenyewe, mwalimu, Juni, umri. Alifurahi kweli, alisema miaka yote hiyo hawakuliona. Kisha akasema, na haya niliyasikia kwa masikio yangu, "Hiyo ni ya mwalimu, dada. Hakuna atakayeigusa." Nikaiwekea alama ya kijani, nikaandika kwenye ukurasa kwamba imeshikwa na mgeni kutoka Katavi.

Alifanya kazi ile wakati wa mapumziko, kwenye simu, katikati ya kelele za ofisi ya walimu. Jumamosi alikuja kwa baiskeli kutumia kompyuta yangu, na mimi nilikuwa nawafukuza wateja wa picha ili apate nafasi. Mwishoni mwa Mei mama yangu aliniita Usevya, mpunga umeiva na mikono ni michache. Nilimwambia mwalimu ukimaliza, hatua za kutuma zimo zote kwenye mwongozo, moja baada ya moja. Akaitikia vizuri. Nikafunga steshenari, nikaondoka.

Alimaliza siku ya tano tangu niondoke. Ila hakutuma. Kwao mtu haendi kwa wenyeji asiowajua akajitangaza mwenyewe. Aliyekuleta ndiye anayetangulia, anakutambulisha, wewe unafuata na kazi yako mkononi. Kunipita mimi akaenda kuweka kazi mbele ya wale watu kungekuwa kunidharau, mimi niliyemfundisha. Kwa hiyo aliiweka kazi yake kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, juu akaandika "Kwa dada, kwa heshima", akaendesha baiskeli kutoka Kasokola mpaka kwangu. Akakuta pamefungwa, akamwachia fundi cherehani wa mlango wa pili. Na akasubiri.

Alinipigia mara moja nikiwa shambani. Aliuliza hali ya mama, akauliza mpunga, akauliza ndege wamekula kiasi gani. Kuhusu bahasha hakusema neno, maana mtu anayevuna huwezi kumharakisha, na tena aliamini fundi ameshaniambia. Mimi nami sikumuuliza kazi imefikia wapi, nisije nikaonekana namkimbiza. Nilijua atakuwa ametuma au anatuma. Tukaagana kwa baraka nyingi. Nalikubali kosa hilo, ni letu sisi wawili. Mtu wa Dar angeuliza kabla hata ya salamu na mambo yakaisha.

Niliporudi fundi alinipa bahasha nikiwa bado na vumbi la safari. Nikasoma yale maneno ya juu. Nikawasha kompyuta. Ile kazi ilikuwa imefungwa siku nne nyuma. Imefanyika. Na aliyeifanya ni kaka.

Niliangalia tarehe, nikahesabu kwa vidole. Aliifanya siku ya kumi na tano tangu nilipoandika kwamba imeshikwa. Alikuwa ameandika kwamba msimu uanze tarehe mosi Novemba, kwa kila mtu, basi. Mistari michache tu. Nikafungua flashi. Mwalimu alikuwa amemwachia mkulima achague mwenyewe siku ya kuanzia msimu wake, na pembeni ameeleza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba kuna miaka mvua inatangulia na kuna mashamba mawili jirani yasiyoanza pamoja. Niliijaribu yote. Haikukwama popote. Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

Nikampigia. Alipokea kwa uchangamfu, dada wa Mpanda, habari za mavuno. Nikamwambia mavuno mazuri, hebu niambie kuhusu kazi ya mwalimu. Akawa mpole ghafla. Akasema toleo jipya lilikuwa linasubiriwa, kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na kwenye ukurasa kulikuwa kimya. Nikamwambia ulinipa neno lako. Akasema neno la kwenye simu wenzake hawalioni, wao wanaangalia ukurasa. Halafu akasema, tena kwa upole, "Mimi nimefuata mwongozo wako tu, dada. Siku kumi na nne zilipita."

Sijui kama kuna maneno yameniuma maishani kuliko hayo. Nilimuuliza kama anaweza kuitoa yake aingize ya mwalimu, ambayo ni nzuri zaidi. Akasema itafaa sana kwenye toleo la Septemba. Nikamwambia Juni ndiyo hii inaisha. Nikamuuliza basi jina lake liingie hata kama mtu aliyeliona kosa. Akasema orodha ni ya walioandika mistari, mawazo hayaingii kwenye orodha, lakini anaweza kumwandikia barua ya shukrani. Barua ya shukrani! Mimi nachapa barua kila siku, najua zinakoishia. Nikakata simu, nikaenda nyuma ya mashine ya kopi nikalia kwa hasira, na mteja aliyekuwa anasubiri kulaminisha cheti akaondoka polepole.

Mtu yule alijua. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Angekuwa hajui ningemsamehe siku ileile. Lakini alijua jina la wilaya, alijua habari ya umri, alijua ni ngwe ya nani, na simu yangu anayo. Kupiga simu moja kungemgharimu nini? Alikaa akahesabu siku zangu, ya kumi na tano ilipofika akaingia shambani na jembe lake. Alinizunguka mchana kweupe, tena kwa njia niliyoifyeka mwenyewe.

Mwalimu alikuja Jumamosi kama kawaida. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na nilimtukana yule mtu matusi ambayo sitayaandika hapa. Mwalimu alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakulia. Aliuliza tu hiyo kanuni ya siku kumi na nne imeandikwa wapi. Nikamwonyesha ukutani, juu ya mashine. Akasogea, akasoma taratibu, mstari kwa mstari, namna anavyosoma majibu ya wanafunzi. Akafika chini kabisa.

"Kumbe hapa jina lako limetoka, dada."

Hakusema kwa kejeli, wala hana kejeli yule. Nikaanza kujitetea, nikamwambia niliiandika kwa ajili ya watu kama yeye, nikamweleza habari ya wale walioshika kazi wakapotea. Akasema anajua. Akasema hata yeye angeiandika hivyo. Kisha akaomba flashi yake, akaitia kwenye pochi, akachukua baiskeli.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwao na kilo tano za mchele mpya wa Usevya, kwa sababu sikujua niende na nini. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, na kabla sijakaa vizuri akauliza, jina limetoka? Mwalimu akamjibu kwa Kirundi, maneno machache. Mama aliingia jikoni akatoka na ugali na maharage akanitengea, na nilikula wote, maana kuubakiza ningeonekana nimekasirika mimi.

Mwongozo wangu, kwa taarifa yenu, ulipata sifa. Miradi mingine miwili iliomba kuutumia, na kaka aliutaja kikaoni kama mfano wa kuwarahisishia wageni. Siku hiyo nilizima sauti na picha. Baadaye nikaibadilisha kanuni: kabla ya kuchukua kazi ya mgeni, mtafute kwanza mgeni mwenyewe, na mtafute aliyemleta. Badiliko langu walilikubali siku hiyohiyo. Mimi sasa ni mwenyeji, langu halikai miezi miwili.

Mwalimu bado anachapa mitihani kwangu. Analeta flashi ileile, na ndani yake kuna mitihani tu, ile kazi ameifuta. Siku hizi haniiti dada. Ananiita mama steshenari, kama wateja wengine, na ananiambia asante kila mara.

Mwishoni mwa Oktoba mvua ilitangulia. Ilinyesha siku mbili mfululizo, nikapima kopo langu asubuhi nikaingiza, na programu ikaipeleka mvua mpya yote kwenye msimu uliokwisha, kwa kuwa Novemba haijafika. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kabla ya saa sita malalamiko yalikuwa yameanza kumiminika, wakulima wa huku kwetu na wa Rukwa, wengine wanatukana kabisa. Jioni kaka alifungua kazi mpya kwenye ukurasa, akaiwekea alama ya kijani, kisha akanitumia ujumbe. Aliuliza, "Yule mwalimu wako bado yupo? Hii inamfaa sana."

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi shuleni kwake. Nilimkuta ofisini anasahihisha, rundo la madaftari upande huu na rundo upande ule. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nikampa simu asome. Alisoma ujumbe, akafungua na ule ukurasa, akaiangalia ile alama ya kijani. Nikamwambia safari hii nitasimama mlangoni mwenyewe, nitamtambulisha jina na sura, hakuna atakayempita. Akatikisa kichwa kidogo, namna ya kumtuliza mtu mzima.

"Mwambie mwalimu amenyamaza siku kumi na nne," alisema. "Achukue mwingine."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, akavuta daftari lililofuata.